Nyumba ya Kunyamaza

Bredäng, Stockholm
14 Januari 2024

Yaya wangu Adrienne,

Bwana asifiwe sana. Mimi nipo, namshukuru Mungu, ni mgongo tu unaonikumbusha kila asubuhi kwamba wazee ninaowahudumia wana uzito wao. Ninyi huko Kigoma mnaendeleaje? Shemeji na sukari yake, anakunywa dawa au bado ni daktari wa nafsi yake mwenyewe? Hapa theluji imejaa hadi mlango wa jengo unagoma kufunguka.

Nakuandikia badala ya kutuma sauti kwa sababu nakujua, dada yangu mkubwa. Ukifungua sauti yangu nyumba nzima inasikiliza, na jirani anajibu. Hii soma peke yako.

Elvire alikuja Jumapili iliyopita. Kutoka kwake Sundbyberg hadi kwangu si mbali, lakini wajua tangu aache kanisa binti yangu anakuja kama mgeni, anakaa na koti mwilini. Safari hii alivua koti. Akala sombe, kile kisamvu chetu, akaongeza. Kisha akasema, "Mama, mwaka huu unatimiza hamsini. Nataka tusafiri mimi na wewe tu." Mimi mawazo yakaenda Yerusalemu. Kumbe ni Ujerumani, mashambani huko, kwenye nyumba ya kufanya yoga!

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Mwaka juzi wakati wa baridi, asubuhi moja, treni ilifika kituo cha ofisini kwake na miguu ikakataa kusimama. Akapitiliza hadi mwisho wa njia, akarudi, akapitiliza tena. Daktari akamtoa kazini miezi. Miezi, yaya! Na mimi nikipiga simu ananijibu, "Niko sawa Mama, niko kazini." Rafiki yake ndiye aliyempeleka Ujerumani, na huko ndiko alikopata usingizi tena. "Hii ni yako wewe peke yako, Mama," akaniambia. Nawe nakuandikia kwa sababu wewe na mimi tumelala tumbo moja. Kukwambia wewe si kusema.

Akanionyesha nyumba tatu kwenye simu. Ya kwanza ina sanamu sebuleni, na watu wanaimba kwa lugha nisiyoijua. Ya pili lilikuwa zizi la farasi, wamelitengeneza vizuri, watu wananyoosha viungo na kuchuma mboga. Ya tatu ndiyo aliyokwenda yeye. Huko hawasemi. Ukiingia mpaka siku ya kutoka, hakuna neno. Nikauliza, "Na hiyo je?" Akacheka mpaka akashika meza. "Wewe, Mama? Hiyo nimekuonyesha tu ujue nilikuwa wapi. Chagua kati ya zile mbili."

Sasa yaya, namtaka mtoto wangu. Siku ile alivua koti. Lakini pia sitaki nijikute nimeinamia kitu ambacho si Mungu. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Orpha

*

Kigoma
20 Januari 2024

Mdogo wangu Orpha, Mama Elvire,

Amani ya Bwana ikukute umeshajikanda huo mgongo kwa mafuta. Sisi wazima. Shemeji yako anakunywa dawa siku akiniona namtazama.

Nimesoma peke yangu, chooni, ili uridhike.

Jamani, yoga! Hapa kuna Mzungu mmoja alikuwa anaifanya nje ya nyumba ya wageni. Anakaa kama kuku anayeatamia, macho kafumba, watoto wamemzunguka wanangoja yai. Sikuona ubaya, ila sikuona faida pia. Na chakula wanakula nini? Nasikia watu wa yoga hawali nyama. Utakonda urudi hata wazee wako wasikujue.

Lakini la mtoto si la mzaha. Usiamue peke yako. Lipeleke kwa akina mama wenzako kwenye maombi ya Jumatano. Hata ulipoitwa kwenda Sweden, si tulifunga kwanza? Si tulipata jibu? Na ukilipeleka, lipeleke zima. Ombi la kufichaficha Mungu alijibu lipi, na waombaji waombe kitu gani?

Poleni na baridi. Mbusu Elvire, hata kama amevaa koti.

Yaya yako,
Adrienne

*

Bredäng
11 Februari 2024

Yaya mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye barafu. Mgongo uko vilevile, moyo ndio umepata nafuu, na natumaini shemeji anatazamwa vya kutosha.

Nimefanya ulivyosema. Jumatano tulikuwa kumi na wawili, kwenye kile chumba cha chini tunachoazima kwa kanisa la Waswidi. Nilipotaja yoga, weee! Mama Truphosa, yule Mkenya anayetuongoza, aliweka miwani chini. "Orpha, dada yangu, kweli na umri huu?" Mwingine akasema afadhali niende kuoga uchi na Waswidi kwenye sauna, kile chumba chao cha mvuke, hiyo angalau ni dhambi fupi.

Basi nikaona hawaelewi. Nikawaeleza kwa nini. Nikaeleza treni, daktari, miezi ile yote. Halafu wakaanza kulia, wote, hata yule wa sauna. Wakamweka Elvire mikononi mwa Mungu kwa jina lake, tumepiga magoti kwenye sakafu ile ya baridi. Sijasikia uzito ukinitoka hivyo tangu tulipovuka ziwa kukimbia vita vya Uvira.

Na jibu lilikuja kwa amani. Wote walikubaliana: zizi la farasi. Yesu mwenyewe alizaliwa zizini, akasema Mama Truphosa, hakuna sanamu itakayokusumbua huko.

Nimemwandikia Elvire neno moja tu: "Farasi!" Amenijibu kwa picha ya kichwa cha farasi na moyo.

Mdogo wako mwenye furaha,
Orpha

*

Kigoma
17 Machi 2024

Orpha mdogo wangu,

Bwana asifiwe, ingawa wewe hata kusifu umeacha. Mwezi mzima! Nimeandika, sikujibiwa. Nimepiga, unakata. Mgongo umekulaza? Au mmeshaondoka kwenda kwenye farasi bila kuniaga?

Niandikie hata mstari mmoja.

Yaya yako,
Adrienne

*

Bredäng
24 Machi 2024

Yaya Adrienne,

Nisamehe kimya. Mwili ni mzima. Sikuwa na namna ya kuanza.

Mama Truphosa ana roho nzuri, hilo nitalisema popote. Namba ya Elvire anayo tangu mtoto alipokuwa kwaya. Alimtumia sauti: "Elvire mwanangu, tuko kwenye mfungo kwa ajili yako, ile roho iliyokushikilia kwenye treni itakuachia kwa jina la Yesu." Wengine nao wakaandika, kila mmoja kwa upendo wake. Mmoja akamtuma binti yake ampelekee maua ofisini. Ofisini, yaya. Mahali ambapo bosi tu ndiye aliyejua, kwa karatasi ya daktari.

Elvire akanipigia. Alizungumza Kiswidi kitupu. Wajua akiumia Kiswahili kinamkimbia. Hakupaza sauti. Aliuliza, "Mlikuwa wangapi?"

Nikamwambia kumi na wawili.

"Mama," akasema, "mimi nilimwambia mtu mmoja."

Akakata. Tangu hapo hapokei. Nilikwenda Sundbyberg na sombe kwenye bakuli, taa ya dirishani kwake naiona inawaka, nikabonyeza kengele mpaka nikaona aibu kwa majirani. Nikaliacha bakuli mlangoni.

Mimi sikumsengenya mwanangu. Nilikuwa nimepiga magoti! Kwetu ukiwa na mgonjwa unampeleka wapi kama si kwa wanaoomba? Namwambia Mungu hivyo kila siku. Halafu nakumbuka vile alivyouliza, "Mlikuwa wangapi?" na sina cha kumwambia Mungu tena.

Ya Ujerumani ndiyo imekufa. Sidhani hata bakuli langu nitaliona.

Orpha, mdogo wako

*

Kigoma
30 Machi 2024

Mdogo wangu,

Pole, pole sana. Nakusalimu leo bila utani. Kesho ni Pasaka na nimepika bila kujua ninachopika.

Usijibebeshe peke yako, mimi ndiye niliyekutuma. "Lipeleke zima," nani alisema? Mimi. Hapa kwetu mtu akiugua na asiombewe kwa jina, ndugu zake wanasema ametupwa. Sikuwaza kwamba kwa mtoto aliyekulia huko, kutajwa ndiko kutupwa kwenyewe.

Na kuna jambo jingine, bora ulisikie kwangu. Nilishamtaja hapa kanisani. Jumapili mbili, na shemeji yako akaongezea maelezo. Nimekwenda kwa mchungaji nikamwomba wamwondoe kwenye orodha. Akauliza, "Amepona?" Nikamwambia hapana, ni mimi ndiye ninayeumwa.

Sasa usimpelekee sombe tena, wala maelezo. Kama kuna kitu cha kufanya, wewe unayemjua ndiye utakayekiona.

Yaya yako anayekupenda,
Adrienne

*

Bredäng
21 Aprili 2024

Yaya,

Shukrani kwa Mungu tumeamka, na theluji imekwenda. Shemeji mwambie nimemsamehe, ila nusu.

Bakuli limerudi. Nililikuta limetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu, ndani ya mfuko, limeoshwa. Hakuna karatasi, hakuna neno. Lakini sombe ililiwa, maana angeimwaga asingejisumbua kusugua yale mafuta ya mawese pembeni.

Nikakaa na bakuli lile nikawaza. Jioni nikamwandikia: "Nimebadilisha. Nachagua ile ya kunyamaza. Kama bado unanitaka."

Sikuongeza kitu. Wajua nilivyo, vidole viliniwasha.

Wiki nzima hakuna kitu. Juzi jibu likaja, kwa Kiswidi: "Okej, Mamma." Chini yake tiketi ya treni, sikukuu ya Kupaa, mimi dirishani na yeye pembeni yangu.

Mchungaji aliniuliza Jumapili ninakwenda wapi. Nikasema nakwenda kupumzisha mgongo. Ni kweli pia.

Mdogo wako,
Orpha

*

Kigoma
28 Aprili 2024

Mama Elvire, mdogo wangu!

Haleluya, na hii nimeisema taratibu. Sisi wazima, sukari imeshuka.

Wewe kunyamaza! Ulipozaliwa ulilia mpaka Mama akasema huyu ana kesi na mtu. Mungu akusaidie.

Kijana wa Mzee Bethuel anakuja Stockholm, ameondoka jana. Nimempa dagaa wa kukaanga wamejaa kopo la maziwa, na pilipili. Beba. Samaki si nyama, hata hao wa yoga watakubali.

Na mkirudi utaniandikia yote. Njiani alisema nini, wewe ulijibu nini, mstari kwa mstari. Sitalala.

Yaya yako,
Adrienne

*

Bredäng
19 Mei 2024

Yaya wangu Adrienne,

Nakusalimu leo Pentekoste, asubuhi nilikuwa ibadani. Afya njema, na mgongo, utashangaa, umelegea kidogo. Shemeji aendelee hivyohivyo.

Treni haikuwa rahisi. Elvire alivaa vitu vyake vya masikioni, mimi nikatazama Denmark yote inapita. Aliniuliza tu kama nina njaa.

Nyumba yenyewe iko katikati ya mashamba, na madirisha makubwa yanayotazama ng'ombe. Sikuona sanamu, wala ubani. Simu tukaziweka kwenye kikapu mlangoni, mwanamke mwenye mvi akagonga kengele, na baada ya hapo kimya. Asubuhi unalala chali kwenye mkeka, unainua mguu, unashusha, unapumua. Mwalimu anaonyesha kwa mikono. Mimi nilisali humohumo kimoyomoyo, nimelala chali, na sidhani Mungu aliona tabu kunipata. Siku ya kwanza nilitaka kupasuka. Nilimwona bata ana mguu mmoja na sikuwa na wa kumwambia!

Sasa dagaa. Chakula chao ni supu ya malenge, mkate mgumu, na supu ya malenge tena. Siku ya pili mchana nikafungua kopo lako mezani. Yaya, ile harufu ilitembea. Ilianza kwa Mjerumani wa pembeni yangu, ikaenda mpaka mwisho wa meza, na kila ilipofika kichwa kinainuka. Mwanamke wa mvi akaja akasimama juu yangu. Akatazama kopo. Akanitazama. Na hakuweza kuniuliza, maana kuuliza ni kuvunja sheria. Nikamsogezea kopo, mimi nini tena ningefanya? Akachukua mmoja kwa vidole, akamtazama machoni, akamrudisha.

Nikasikia mlio kama wa paka. Ni Elvire. Ameuma leso, machozi yanamtoka, mabega yanaruka. Nami nikashikwa. Tulicheka bila sauti mpaka tumbo likaniuma, watu wazima wawili tumeinamia supu. Kisha akanyoosha mkono akala dagaa, wengi tu, na jioni alipopita nyuma ya kiti changu aliniwekea mkono begani. Hakuuondoa haraka.

Siku ya mwisho kengele ikagongwa, ruhusa ya kusema. Wenzetu wote wakaanza kuongea kama redio. Mimi nikanyamaza. Tulibeba mizigo yetu, tukatembea kwenda kituo cha basi, njia ndefu kati ya mashamba, na sikufungua mdomo. Akaanza yeye. Kwa Kiswahili. Alisema tangu kwenye lango mpaka basi linafika, na kwenye basi akaendelea.

Jumatano Mama Truphosa aliniuliza mbele ya wote, "Mama Elvire, safari ilikuwaje, kuna ombi?" Walikuwa wamesogeza viti. Nikawaambia, niombeeni mgongo. Wakaniombea mgongo, kwa bidii, na nikasema amina.

Na wewe yaya uliniambia nikuandikie mstari kwa mstari aliyoyasema. Nimekaa na simu hii mkononi tangu saa ya chakula. Unajua sijawahi kukuficha kitu tangu tulipolala kitanda kimoja. Usinikasirikie. Alimwambia mtu mmoja.

Mdogo wako,
Orpha

Dagaa wameisha. Tafadhali nitumie wengine, Elvire anawaulizia.