Mbwa Anayeitwa Rudisha

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Gesi tena! Saa hizi anakaanga vitunguu kwenye jiko ambalo lilipaswa kuwa langu, na mimi huku mlangoni napuliza makaa, machozi yananitoka. Kati yetu ubao wa plaiwudi tu. Jirani yangu Mama Vera, jina lake Nafuna. Nyumba moja ya askari magereza imegawanywa katikati, familia mbili. Akipiga chafya, ni kama amepiga chumbani kwangu.

Igizo la Foleni ya Bomba lilikuwa langu. Nililitunga mwezi wa tatu nikiosha sufuria, nikitamka kwa sauti – mara niwe mama mwenye jerikeni, mara niwe yule anayejifanya mgonjwa ili apite mbele. Mimi siwezi kutunga kimya. Lazima mdomo ufanye kazi. Upande wa pili shwari. Nikadhani amelala. Kumbe!

Pasaka akapanda jukwaani na foleni yangu, jerikeni yangu, hata mgonjwa wangu wa uongo. Kambi nzima hapa Luzira ilicheka mpaka basi. Akashinda, akapewa jiko la gesi na mtungi wake. Na Kiswahili chenyewe alikivunjavunja – "mimi nataka maji yangu, wewe natoka wapi?" – watu wakazidi kucheka. Mimi niliyesoma Eldoret miaka yote ile mama alipokimbia vita kwetu kaskazini!

Nilipomuuliza, alinijibu kwamba bomba ni la wote na foleni ni ya wote.

Sitasahau. Nimeyaambia makaa leo, maana hakuna mwingine anayenisikiliza. Sitasahau.

Jumatano, 6 Agosti

Tangazo limebandikwa ofisini kwa Afande Oloya wa ustawi. Siku ya Familia, tarehe 30. Maigizo mafupi, wake wa askari tu. Mada: Maisha ya Kila Siku. Chini yake kaandika kwa mkono wake, "Tungeni mnachokiona mlangoni kwenu." Jaji ni Mwalimu Bisimwa, yule Mkongo anayeandika michezo ya redio. Mshindi atarekodiwa, na jina la mtunzi litatajwa hewani.

Jina! Mama yangu kule Kitgum hazimi redio hata akilala. Asikie, "Mtunzi ni Acayo." Basi. Hata jiko silitaki tena.

Na nani kasimama kando yangu akisoma tangazo hilo hilo, akiimba puani? Akaniuliza, "Mama Aol, wewe naandika nini?" Jamani, uso alionao mtu huyu!

Kidega kasema niachane naye. Kwa mume wangu kila kitu ni kuachana nacho. Mchana kutwa anafungia wezi, jioni ananihubiria msamaha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepata mbwa! Mtoto wa mbwa, wa kahawia, sikio moja limelala. Kanipa Santa, anayekaanga chapati pale getini. Kasema nimpe jina zuri.

Nimempa zuri sana. Rudisha.

Kwetu Acholi mbwa si wa kuitwa Simba. Mbwa unampa jina la neno unaloshindwa kumwambia jirani, halafu unamwita. Jirani atasema nini? Umemwita mbwa wako. Bibi yangu alikuwa na mmoja jina lake Wananisema, na mke mwenzake alihama boma kwa sababu ya mbwa yule.

Jioni nikasimama mlangoni, nikavuta pumzi. "Rudishaaa! Ee Rudisha! Rudisha sasa hivi!"

Upande wa pili kijiko kikaanguka. Oh, raha! Nilikula ugali wa baridi leo na ukateremka kama keki.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwita kabla ya misa. Nimemwita baada ya misa. Sauti imekauka. Siku njema.

Jumanne, 12 Agosti

Amenijibu!

Alikwenda sokoni Ggaba kununua mukene, samaki wale wadogo wa kukausha, akarudi na beseni kichwani na mbwa kwenye kamba. Jike, mweusi. Akasubiri wanawake wajae bombani, kisha akaita, "Ushahidi! Wee Ushahidi! Ushahidi iko wapi? Mimi sioni Ushahidi!"

Mgisu huyu! Mambo haya ya kwetu Acholi kajifunzia wapi? Ukutani, wapi pengine.

Wanawake waliangua kicheko. Mimi niliingia ndani, nikauma kanga ili nisicheke. Nikajichukia. Mtu unayetaka kumkomesha hupaswi kumcheka vizuri hivyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemkuta Rudisha mlangoni kwake, kaingiza kichwa chote kwenye sahani ya mukene. Mkia unazunguka! Mwanamke kachuchumaa, anamkuna lile sikio lililolala.

Nikapaza sauti. "Mbwa wangu anafanya nini kwako?"

Hakuinuka hata. "Muulize yeye. Mimi nilimuita? Miguu iko yake."

Bomba zima likageuka kutusikiliza. Nikambeba mbwa kwapani kama mkate, ananuka samaki, analamba ndevu zake. Igizo. Jiko. Sasa mbwa. Kitakachofuata ni nini, mume? Kidega namwachia, lakini Rudisha ni wangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimenunua jogoo, jina lake Mungu Anaona.

Mchana yeye akatoka na paka, jina lake Kelele Zako.

Afande Oloya akapita kukagua usafi, jogoo kamzibia njia, akafoka, "Mama Aol! Ondoa huyu... huyu anaitwa nani?" Nikamwambia. Akasita. Ni mlokole, Afande. Akanong'ona, "Tafadhali ondoa Mungu Anaona barabarani." Watu wakashika mbavu. Kakasirika akauliza kama hii ni kambi ama ni bunge.

Santa kaniambia mimi na Mama Vera ni sinema ya bure, anakosa wateja kwa kutuangalia sisi.

Jumapili, 17 Agosti

Sinema ya bure!!

Nilikuwa namenya matoke. Kisu kikasimama. Wiki nzima natafuta igizo, natazama dari, natazama ziwa, nataka jambo kubwa la heshima – na jambo lenyewe linabweka mlangoni! Wanawake wawili hawasemeshani. Wanyama wao ndio wanaosemeshana. Mmoja ni mwizi. Nitamcheza yeye, mimi mwenyewe. Ile miondoko yake ya bata, ile pua ya kuimbia, "miguu iko yake." Na mwisho anaanikwa, anarudisha kila kitu mbele ya watu, akilia.

Atakuwa amekaa mbele. Nataka ajione. Nataka kambi imcheke na yeye akose pa kuangalia.

Lakini safari hii mdomo NIMEUFUNGA. Sitatamka hata neno moja ndani ya nyumba hii. Nikitaka kutamka nitashuka bandarini Port Bell, kule malori yanakonguruma, niyaambie malori.

Jumatano, 20 Agosti

Kazi inakwenda. Naweka sikio ukutani nikijifanya natandika kitanda. Anavyoipiga birika ichemke haraka. Anavyosema "bambi", yaani masikini wee, kila anapokaa chini. Anavyomwita Vera, jina linaanza juu linaishia kwenye goti. Yote naandika. Kila siku ananiletea kitu, bure, bila kujua. Na yeye ajue ladha ya kuibiwa!

Ila kwake siku hizi kimya. Redio haisikiki. Haimbi. Labda anaumwa. Aumwe.

Jumatatu, 25 Agosti

Rudisha kalala kwake. Nilimwita, akanitazama, akautazama mlango wa Nafuna, akanitazama tena. Kisha akalala pale pale.



Ijumaa, 29 Agosti

Tumepangiwa namba. Yeye wa tatu, mimi wa nne. Safi kabisa! Atashuka na jasho lake, atakaa, atapewa soda, halafu nitapanda mimi.

Nimepiga pasi kitenge. Mistari yote ninayo kichwani, hata malori ya Port Bell yanaijua sasa.

Jioni sauti ikapenya ukutani. "Mama Aol. Kesho twende salama." Neno la kwanza ananiambia tangu siku ya mukene. Nilifungua mlango nikamwita mbwa.

Jumamosi, 30 Agosti

Niko stoo ya ukumbi, kando ya jukwaa, kati ya viti vibovu. Umeme umekatika. Naandika haraka nyuma ya karatasi zangu za igizo, maana hapa nina dakika chache na nisipoandika nitapiga mtu.

Wa kwanza na wa pili walikuwa wa kawaida tu, maigizo ya walevi na mapasta. Kisha yeye. Kapanda na jiko la makaa – yeye, mwenye gesi! – na ubao wa plaiwudi. Ubao! Kausimamisha katikati ya jukwaa, na kabla hajasema neno ukumbi ulikuwa umeshaanza kucheka.

Akapiga magoti mbele ya jiko. Akapuliza. Akajifuta macho kwa kiwiko, kiwiko cha kushoto, ninavyofanya mimi. Akayaambia makaa, "Sitasahau."

Mimi. Ananicheza MIMI!

Akainuka, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaita kwa Kiswahili cha Eldoret safi kabisa, hakuvunja hata silabi. "Rudishaaa! Ee Rudisha! Rudisha sasa hivi!" Wanawake wawili wasiosemeshana. Wanyama wao. Kila kitu. Igizo langu lote, limegeuzwa tu, mwovu ni mimi. Mwanamke mbaya wa kupiga kelele, anayemtesa jirani kwa majina ya mbwa.

Na hakuiba. Hilo ndilo linaloniua! Sikulitamka. Nilifunga mdomo siku zote zile, na yeye upande wa pili alikuwa kimya hivyo hivyo, sikio ukutani, anatandika kitanda chake. Aliniandika mimi nilipokuwa namwandika yeye.

Kisha Rudisha akaja. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Alisikia jina lake. Akapita kati ya miguu ya wakubwa, akaruka jukwaani, mkia unazunguka, akaketi miguuni pa Nafuna. Makofi! Watu walisimama juu ya viti. Afande Oloya mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa kofia.

Nafuna alishtuka. Hilo halikuwa kwenye igizo, nilimwona. Alipiga magoti akamkuna sikio. Halafu akainua macho akatazama mlangoni niliposimama. Anangoja. Mstari unaofuata mimi naujua, kwenye karatasi zangu pia upo: "Mbwa wangu anafanya nini kwako?" Ni wangu. Niliusema kwa mdomo wangu mbele ya bomba zima.

Hapo umeme ukakatika, kipaza sauti kikafa. Afande kasema jenereta iwashwe kwanza, watu wakae.

Santa kanifuata huku stoo. Kasema Mama Vera anauliza, mstari unaofuata nitausema mimi au auseme yeye. Nilimwambia Santa akamwambie aende zake. Santa hakuondoka. Kasema Mwalimu Bisimwa ameuliza jukwaani nani katunga hili, mtu mmoja au wawili.

"Naye Mama Vera akasemaje?"

"Amenyamaza."

Yeye! Yeye ambaye Pasaka alijibu "mimi" kabla swali halijaisha.

Sasa nifikirie. Nikikaa kimya, atamaliza, kisha nitapanda wa nne na igizo lile lile na watu watasema mimi ndiye mwizi. Nikiingia kusema mstari ule, nitakuwa nimemtilia chumvi kwenye chakula chake, na redioni atatajwa yeye. Lakini kuna la tatu. Nikishapanda pale, nani atanifunga mdomo? Bisimwa yupo. Afande yupo. Naweza kuacha mstari, nikasema Pasaka. Nikasema Foleni, jerikeni, jiko la gesi. Ushahidi huu hapa, mama! Miezi yote hii nimeisubiri dakika hii na ameniletea mwenyewe kwenye sahani.

Amenicheza vizuri lakini. Kile kiwiko. Hata Kidega hajui kile kiwiko.

Jenereta inakohoa. Santa kanishika mkono, nimeutoa.

Imewaka. Taa. Vichwa vyote vimegeukia mlango huu. Nafuna bado yuko magotini na mbwa. Anainuka. Ameshika ule ubao wa plaiwudi kwa mikono miwili – anausogeza kando. Ananiachia njia. Mshenzi huyu, ananiachia njia, na mimi nimeshasimama, mdomo tayari uko wazi, na bado sijui ni lipi litatoka, mstari au Pasaka –