Ukuta wa Chumba cha Baba

Mama Zuhura, mke wangu,

Salamu zikukute salama hapo Tindiga, na mpunga pia kama mto umeuacha. Desturi ni kuandika kwamba mimi mzima, hofu ni kwenu. Safari hii hofu ni kwenu kweli, na aliyeileta ni mimi.

Barua yako nimeisoma nimesimama, hata koti la baridi sijavua.

Baba aliporudi kutoka huku ng'ambo na ile mashine ya moyo chini ya ngozi ya kifua, nilikuagiza umshike mkono kila asubuhi kabla hajainuka, uhesabu mapigo kwa saa niliyokutumia. Betri ikichoka, mapigo hupungua, nayo ndiyo ishara ya kumrudisha hospitali. Ukaniletea hesabu nzuri kila mara, nikampelekea daktari, tukafurahi wote. Kumbe kazi hiyo ulimwachia mwalimu wa shule, na baba alikuwa anatangulia shamba la kijiji, analima na wenzake, ndipo anapitia kwa mwalimu kupimwa. Moyo uliotoka kulima hukimbia wenyewe, na mashine ikiusikia hivyo hunyamaza. Mwalimu wa watu alikuwa hapimi betri hata kidogo.

Nilipojua nikakuandikia kwa ukali, nikasema umepuuza. Nawe umenijibu kwa upole: "Baba Zuhura, tangu lini mtu akamshika mkono baba mkwe wake, tena yuko kitandani?"

Nimeona haya, mke wangu. Mimi mtoto wa hapo hapo nimesahau kwamba hata maji ya kunawa unampa baba kwa mkono wa mama, na ukikutana naye njiani unampisha. Nilikuagiza kama muuguzi, nikasahau kwamba wewe ni mkwe.

Na dawa ya jambo hili umeipata mwenyewe. Mama hajui kusoma saa, wewe huwezi kuingia. Basi mama anamshika baba mkono chumbani, kila pigo anagonga ukuta, nawe upande wa pili unahesabu. Eti baba analalamika mmemgeuza ngoma. Nimecheka, kisha nikalia, kwa sababu hesabu yenu ya kweli ni ndogo. Daktari anasema betri inakwisha, baba asingoje mavuno.

Kwa hiyo mdogo wangu Hamisi ampeleke Kilosa wapande treni ya kwanza. Barua ya daktari imeshakwenda wizarani. Wakifika Dar es Salaam ataletwa huku kubadilishiwa. Atasema shamba la kijiji haliachwi. Mwenyekiti amwambie yeye mwenyewe, labda atamsikia.

Nisalimie mwalimu, umwombe radhi kwa niaba yangu. Zuhura mbusu.

Kutwa nzima huku nasikiliza mioyo ya watu kwa mitambo, na wa baba yangu umeusikia wewe. Nisamehe.

Shikamoo yangu kwa baba ipitie kwa mama, asubuhi, kabla hajainuka. Ukisikia ukuta unagongwa, hiyo ndiyo marahaba yake.

Mumeo,
Salehe