Koti Nililoliacha Kitini

Greenbelt, Maryland

Mdogo wangu Zainabu,

Nakusalimu kwa mapenzi. Goti lako limepoa? Na kikohozi cha shemeji je? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonionea.

Jumamosi mchana jirani yangu Njoroge, Mkenya aliyewahi kuwa karani Nakuru, alinivuta hadi maktaba. Mwezi huu wanaonyesha sinema za kuchekesha za Kitaliano, za zamani, zote za maisha ya ofisini. Katika hiyo tuliyoiona, karani anatundika koti kwenye kiti chake, kisha ananyata kwenda kunywa kahawa. Bosi anapita, anaona koti, anaridhika.

"Kumbe hata Wataliano wanaijua hila ya koti!" Njoroge akanipiga bega. "Mzee, hii si yetu?"

Nilicheka naye. Kisha picha ikabaki kwenye kile kiti kitupu, koti likining'inia, na kicheko kikanikauka.

"Mbona hucheki tena? Umemwona bosi wako?"

Nilikuwa nimemwona Salehe.

Unamkumbuka, tuliyekaa naye meza moja ofisini Dar es Salaam. Asubuhi ile ya kuondoka kuja huku Marekani nilitundika koti langu la kijivu kitini, nikamwambia, "Nikiulizwa, nimeshuka chini mara moja."

"Usikawie," akasema bila kuinua macho. "Juzi ulishuka, ukarudi unanuka mishikaki."

Nikaenda uwanja wa ndege. Wewe ndiye uliyeniandikia baadaye kwamba kwa siku nne alimjibu bosi, "Yupo, koti lake lile pale," mpaka wakamfukuza kazi kwa kosa la uongo. Mstari ule sikuujibu. Miaka thelathini na zaidi sasa.

Na barua yako ya juzi inasema ulimkuta msibani, haoni tena, akakushika mkono akauliza, "Kaka yako keshapanda toka chini?" Ukadhani uzee unamchanganya. Mimi nimemwelewa.

Nakuomba uende kwake kabla hajatangulia. Mwambie sikushuka chini. Nilitoroka, nikijua kuwa atanifichia. Mwambie asinitetee tena. Akinisamehe, niandikie. Asiponisamehe, niandikie vilevile.

Msalimie shemeji, shangazi yetu mkongwe, na mwanao mwalimu. Binti yangu anawasalimu. Ananishangaa kwamba tangu Jumamosi situndiki koti popote. Nakaa nalo mwilini, hata mezani.

Kaka yako,
Rajabu