Nani Anauzima Mnara Siku ya Bwana?

Cnoc Ruadh, Kisiwa cha Lewis, Uskoti
Jumatatu, baada ya chai

Mpendwa kaka yangu Ruairidh,

Nakusalimu katika Bwana, wewe, wifi na watoto wote huko Kanada. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Baba bado anakula uji wake wa chumvi, na bado anamlaumu mchungaji mpya kwamba mahubiri yake ni mafupi mno.

Nilikudokezea habari za mnara wa simu. Serikali iliamuru mitambo ya zamani ing'olewe, maana yote ilitoka kwa muuzaji mmoja, na siku akituwekea ngumu tungebaki bubu. Sasa nchi kadhaa zimeshirikiana: redio za mnarani kutoka Japani, programu kutoka India, na Waingereza ndio wanaounganisha. Wamechagua kijiji chetu kujaribu kama vyombo vya watu mbalimbali vitaelewana. Kwa muda wanavuta umeme kutoka banda la Baba la kunyolea kondoo. Mkubwa wao, Bwana Pettifer, na fundi Mjapani, Bwana Hayashida, wakapanga kwangu.

Mimi nilikuwa nauombea ule mnara, kaka. Tangu moyo wa Baba uanze kusumbua, amevalishwa shingoni kile kitufe cha kuita wauguzi, nacho kinapitia mnarani. Jaribio likishindwa, mafundi wangefungasha, na wa kwanza kubaki bubu angekuwa Baba.

Basi, kila usiku wa kuamkia Jumapili mtandao ukawa unakufa, na Jumatatu alfajiri unafufuka. Kijijini hakuna aliyejua, maana nani hapa hupiga simu Siku ya Bwana? Ila kompyuta ya Pettifer ilionyesha umeme umekatwa kwa mkono wa mtu. Kuanzia hapo meza yangu ikaingia sumu. Pettifer akaacha kuongea Hayashida akiingia. Pembeni akaninong'oneza kwamba huenda Wajapani wanataka wenzao waonekane wabovu, ili mnara wote uwe wao. Hayashida naye akawa analala na kompyuta yake chini ya mto, niliiona nikitandika. Peigi wa jirani ndiye alimaliza kabisa: eti mtu anayekunywa chai bila maziwa, shoga yangu, huyo ana lake jambo.

Nami nikaingiwa na shaka. Jumapili iliyotangulia hii ya jana, nikielekea kanisani, nikamwona Hayashida anateremka kutoka mnarani, viatu vimejaa matope. Siku ya Bwana! Nilimwambia Pettifer kabla hata sijavua kofia ya kanisani. Hayashida akajitetea kwamba alikwenda kutazama kama waya umekatwa. Pettifer akacheka kwa pua tu. Ikaamuliwa arudishwe kwao kwa meli ya leo, na Jumapili nyingine mtandao ukifa, mradi wote unaondoka.

Juzi Jumamosi usiku, jua la kiangazi huku halijazama bado, nilimpelekea Baba supu. Nyumbani hayupo. Nikamkuta bandani, amesimama juu ya kigoda, kofia ameivua kama mtu anayesali, mkono uko kwenye swichi.

Ruairidh, unakumbuka zile bembea za shule? Unakumbuka nani alikuwa akizifunga mnyororo kila Jumamosi zisichezewe Siku ya Bwana, watoto wakimzomea? Ni Baba yule yule. Alinieleza kwa upole kabisa kwamba wageni hawajui desturi, kwa hiyo yeye huupumzisha mnara wao, na Jumatatu huwawashia kabla hawajaamka, asiwaaibishe.

Nikamwambia kitufe cha shingoni mwake kinakufa pamoja na mnara. Akakishika, akasema angemwita nani, na watu wote wako kanisani? Nikamwambia basi Hayashida anafukuzwa kwa ajili ya jambo hili. Hapo akashuka kigodani. Akaniuliza nani alisema ni yule Mjapani. Nikamjibu ni mimi.

Aliipokea supu, akaiweka kando. Halafu akaniuliza kama kitufe kile ni kazi au ni huruma, kwa maana huruma haikukatazwa Siku ya Bwana. Nikasema ni huruma, Baba. Akapanda tena, akawasha, akalifunga banda kwa kufuli lile lile la bembea, na ufunguo akanipa mimi.

Jana mtandao ulikaa siku nzima. Leo asubuhi Baba alivaa suti ya kanisani, akaja mezani kwangu akakiri mbele yao wote wawili. Pettifer alicheka hadi akakohoa. Hayashida hakucheka, alisimama akamwinamia Baba, na Baba, ambaye hajawahi kumwinamia mtu, naye akainama. Mjapani habanduki tena, na mradi unabaki. Ila amehamia kwa Peigi. Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa tu. Nilimpelekea mikate ya moto. Sahani imerudi imeoshwa, bila neno. Niombee, kaka.

Kuna jambo moja zaidi. Jumapili ijayo, tukishatoka ibadani, piga simu. Baba amesema ukiwa unapiga kumjulia hali mgonjwa, hiyo nayo ni huruma, atapokea. Lakini usicheke, na usimtajie bembea.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Bwana awafunike.

Dada yako akupendaye,
Seonag