Simu ya Ploti Nzima

Jumatatu, 3 Septemba 2007

Imelia mara tano kabla sijanywa chai. Mara tano, na hakuna hata moja yangu.

Ya kwanza ya Mama Otieno wa chumba cha saba. Dada yake anauliza kama mtoto amepona tetekuwanga. Ya pili ya caretaker, msimamizi wa ploti, ambaye ana simu yake lakini huizima wapangaji wasimsumbue, kisha anawapa watu namba yangu. Tatu zilizobaki za Nafula, jirani yangu wa ukuta mmoja, tunafanya naye kazi.

Ploti ina vyumba kumi na simu tatu. Ya caretaker imezimwa. Ya kijana wa chumba cha pili haisikiki mpaka upige kelele. Basi yangu ndiyo imekuwa ya kila mtu. Nainuka na povu la sabuni mikononi, nabisha milango, nasimama nje watu wakiongea na kucheka na simu yangu sikioni mwao. Siku hizi wananiita Mama Simu. Mtaa wote wa Karagita. Hata yule wa mandazi.

Nilinunua simu, sikununua posta. Niliinunua nisikie sauti ya Ciku wangu aliye kwa shosho yake, mama yangu, Ol Kalou.

Alhamisi, 6 Septemba

Leo ni meseji. "Tuma kwa watu kumi upate baraka, ukifuta utaona." Nimefuta. Nione basi. Halafu za siasa, kila mtu na mtu wake, matusi ya kuchefua. Anayenitumia ni mshirika wa kwaya. Jumapili ataniletea kitabu cha nyimbo akitabasamu.

Na flash. Mtu anapiga mlio mmoja anakata, nimpigie mimi. Simjui. Simpigii.

Kazini, shamba la maua, simu haziruhusiwi kwenye ukumbi wa kupanga maua. Unaacha langoni kwenye sanduku. Lakini pale langoni simwamini mtu, mwezi uliopita ya Beatrice ilipotelea humo. Kwa hivyo naiweka ndani ya gambuti, buti langu la mpira, imezimwa sauti. Wengi wetu tunafanya hivyo. Tunachechemea kama kuku wenye vidonda.

Nafula amempa namba yangu mwanamume. Dan, dereva wa lori la mchanga. Hakuniuliza. Mimi nimejua tu pale sauti nzito iliponiita "sweetie" nikiwa chooni.

Jumapili, 9 Septemba

Nimeongea na Ciku. Dakika sita. Amekuwa wa tatu darasani, ameng'oka jino, kuku mweupe amepotea.

Lakini kwanza nilisubiri. Kwa mama hakuna simu, napiga kwa jirani yao Baba Kim, naye anavuka shamba zima hadi kwetu kumwita Ciku. Nakata, nasubiri, napiga tena. Leo alichukua robo saa. Nilikuwa nimekasirika kabisa. Mtu anajua ni Jumapili, anajua nitapiga, kwa nini asimwite mapema?

Nafula alikuja jioni na samaki wawili. Wa ziwani, wadogo. Nikapokea. Nikamwambia Dan asipige tena mchana. Akasema, "Pole, Mama Ciku, nitamwambia." Yeye ndiye peke yake hapa asiyeniita Mama Simu. Hilo nalo limeniudhi, maana nilitaka kumkasirikia vizuri.

Jumatano, 12 Septemba

Nina hasira. Nitaandika hivyo hivyo.

Saa tano, ukumbini, waridi nyekundu zimejaa meza, supavaiza anapita nyuma yetu. Mguu wangu ukaanza kuimba. Nilisahau kuzima sauti asubuhi baada ya kuichukua kwa kinyozi ninapochajisha. Ukumbi wote ukanyamaza. Ilikuwa inaimba ule wimbo wa Krismasi ambao Ciku aliniwekea. Septemba.

Nilivua gambuti mbele ya watu mia. Soksi ina tundu. Supavaiza akalisoma jina kwenye kioo kwa sauti: "Dan Lori." Watu walicheka mpaka wakaacha visu.

Barua ya onyo. Siku mbili nyumbani bila kazi. Ya pili mwaka huu. Ya tatu ni kwenda.

Nafula alikuwa meza ya mbele. Hakugeuka. Hakusema "ni mimi." Aliendelea kupanga maua yake.

Kuanzia leo mimi si Mama Simu wa mtu. Nimemaliza.

Alhamisi, 13 Septemba

Nyumbani. Ploti tupu, wote wako kazini. Nimefua hata pazia.

Saa nne na dakika kumi ikalia. Namba siijui, ya Magharibi huko. Nikachukua.

Mama mzee. Anapaza sauti kama wanavyofanya wasiozoea simu. "Nafula? Ni wewe, mama? Wananipeleka hospitali. Nimesema nikusikie kwanza."

Nikamwambia, "Nafula alihama. Hii si namba yake. Usipige tena."

Nikakata. Kioo kikaandika sekunde kumi na tisa.

Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli kwa sababu hiki ni kitabu changu. Nilijisikia vizuri kama mtu aliyetua mtungi. Niliendelea kufua.

Nilijua ni mama yake. Asije mtu akasema sikujua.

Ijumaa, 14 Septemba

Nilipanga kumwambia Nafula akitoka kazini. Nilikuwa na maneno tayari: mama yako alipiga, anaenda hospitali, mpigie. Maneno mepesi. Hayakuhitaji hata kutaja yale mengine.

Akaja yeye kwanza. Ameleta unga na sukumawiki kwa sababu sijafanya kazi siku mbili. Akasimama mlangoni akalia. Alisema alishikwa na woga pale ukumbini, naye ana barua mbili tayari, angefukuzwa. Alisema tayari amemwambia Dan asimtafute tena. "Nisamehe, Mama Ciku."

Angenitukana ningesema. Sasa amelia na unga mkononi, nitaanzia wapi? Nikamwambia yameisha. Akanioshea vyombo.

Nimemkasirikia zaidi kuliko jana. Sielewi.

Jumapili, 16 Septemba

Nimepiga ile namba, nimejificha nyuma ya tangi la maji. Ni simu ya jamii, ya duka sokoni kwao. Mwenye duka alisema mama yule alipakiwa kwenye pikapu siku ile ile. Hajasikia tena. Akaniuliza mimi ni nani. Nikakata.

Kwa hivyo yuko hospitali. Watu huenda hospitali na kurudi. Atapona, atapiga, watasikizana, mambo yataisha bila mimi.

Simu hii hukumbuka namba kumi za mwisho zilizopokelewa. Ikija mpya, ya chini inatoka. Yake sasa ni ya tano. Mama Otieno ana ndugu wengi. Zikiingia sita nyingine, hakuna kitu kitaonyesha kwamba alipiga.

Nimemwambia Mama Otieno awaambie ndugu zake wapige wakati wowote. Alishangaa. Amenishukuru sana.

Jumatano, 19 Septemba

Ya saba.

Supavaiza ananikagua miguu kila asubuhi mbele ya wote. Mpumbavu. Anafurahia.

Nafula aliniuliza kama kuna mtu amepiga kutoka nyumbani. Kwa kawaida mama yake hutafuta simu katikati ya mwezi, akienda soko. Nikasema hapana.

Sasa nimedanganya mara mbili.

Jumamosi, 22 Septemba

Nilienda kwake na kikombe, kuomba chumvi. Nina chumvi. Nilikaa kwenye kitanda chake nikaangalia picha ya mama yake ukutani, amevaa kitambaa cha kanisa, amekunja uso kwa jua. Nafula anafuma kofia ya sufu ya kumpelekea Krismasi. Ya zambarau. Aliniwekea kichwani aone kama ukubwa unatosha.

Nikarudi na chumvi.

Jumanne, 25 Septemba

Binamu yake amekuja. Alilala Nakuru, akafika asubuhi, akatembea lango kwa lango akiuliza kila shamba la maua kama wanamjua Nafula. Akampata kwetu saa saba. Walinzi wakamwita Nafula nje.

Tulimsikia akilia tukiwa ndani. Hata mashine za baridi hazikumfunika.

Mama alikufa Jumatatu ya wiki iliyopita. Siku nne tu baada ya kunipigia. Wamemzika Jumamosi. Jumamosi nikiwa na kofia yake kichwani. Walitaka kumngoja Nafula lakini hawakujua pa kumtafuta, kwa maana mama mwenyewe aliwaambia kabla ya pikapu kuondoka: "Nafula alihama. Nimeambiwa na mwenye simu." Binamu alirudia hivyo mbele ya lango, watu wamejaa. Mwenye simu.

Nafula aligeuka akatazama mlango wa ukumbi. Mimi nilikuwa mlangoni.

Jumatano, 26 Septemba

Ameondoka na binamu, basi ya asubuhi. Ameacha pazia limefungwa.

Mtu alisogeza ndoo yangu kwenye foleni ya bomba, akaiweka nyuma kabisa. Mama Otieno alipita hakunisalimia. Hakuna aliyeniita Mama Simu leo. Nilitaka waache kuniita hivyo, sasa wameacha.

Wananichukia na wana haki, lakini wananiudhi vile vile. Nani kati yao alinunua simu? Nani aliwahi kusema asante? Hivyo ndivyo nawaza, halafu nasikia ile sauti ikipaza, "Ni wewe, mama?" na mawazo yote yananyauka.

Jumapili, 30 Septemba

Nilipiga Ol Kalou. Baba Kim hana haraka, alisema tu, "Ngoja nimwite," safari hii hakungoja nikate. Akaweka simu kwenye kiti, nadhani. Nilisikia mlango wake. Nilisikia kuku. Nilisikia gambuti zake zikienda, zikapotea. Mzee wa miaka sabini, goti bovu, anavuka shamba zima kwa sababu ya mtoto wangu. Kila Jumapili, mwaka wa pili huu. Sijawahi kumletea hata majani ya chai. Nilikuwa namkasirikia amechelewa.

Angeweza kusema Ciku amehama.

Ciku alifika, akasema hello. Akasema, "Mami? Ni wewe?" Nililia mpaka akaogopa.

Baadaye mama yangu alipiga kutoka kwa simu ya mwalimu kuuliza kama ninaumwa. Nikachukua. Nilipokata nikaangalia ile orodha. Namba ya mama yake Nafula sasa ni ya kumi. Ya mwisho.

Wiki mbili nimeomba itoke. Sasa hapana. Simu mpya yoyote nikiipokea, inatoka.

Sipokei.

Jumatano, 3 Oktoba

Inalia, naitazama. Inalia, naifunika na mto. Mama Otieno alibisha: dada yake ameahidi kupiga, mbona sichukui? Nikamwambia simu ni yangu. Akanitemea mate miguuni. Ningemwelezaje? Nakataa simu zao tena, kwa sababu nyingine kabisa, na kwao ni roho mbaya ile ile.

Simwogopi Mama Otieno. Nakasirikia simu. Kidude cha plastiki, vibonyezo vimefutika, kinahifadhi namba kumi tu. Nakasirikia mdomo wangu zaidi.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nafula amerudi jana. Leo saa kumi amekuja mlangoni. Amenyolewa kichwa kwa msiba. Sikujua kama nisimame au nikae.

Aliketi juu ya mtungi wa maji. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kofi. Aliuliza tu, "Alisema nini?"

Nikamwambia. Akasema hapana, sema vile alisema yeye.

Nikasema. "Nafula? Ni wewe, mama? Wananipeleka hospitali. Nimesema nikusikie kwanza." Nikapaza sauti mahali alipopaza. Akafunga macho. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu nilishindwa, akangoja, nikamaliza.

Kisha nikamwambia nilichojibu, neno kwa neno, na sekunde kumi na tisa. Hakuuliza kwa nini. Nilikuwa na sababu zote tayari. Sikuzitumia.

Nikampa simu, nikamwonyesha ile namba, ya mwisho kwenye orodha, na siku, na saa nne na dakika kumi. Nikamwambia sijapokea simu wiki nzima isitoke. Akapitisha kidole juu ya kioo. Hakuandika popote.

Ikalia mkononi mwake. Ule wimbo wa Krismasi. Niliacha ilie. Ilikatika, ikaanza tena.

Akanirudishia. "Chukua," akasema. "Inaweza kuwa ya mtu."

Nikachukua. Alikuwa dada yake Mama Otieno.

Nilimwambia asikate. Nikaenda kumwita.