Ukoo Unagombania Dawa ya Picha, Figo za Mume Wangu Zinangoja

Mshauri Waithira, nakusalimia, nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa kabisa, mimi ni mama wa watoto wanne hapa Kisumu Ndogo ya Kibera, nauza omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, shule sikuenda sana kwa hivyo nivumilie, shida ni mume wangu Shiundu, fundi wa milango ya chuma, ako na sukari na sasa tumbo linamuuma upande mmoja mpaka anapinda kama msumari, daktari akasema apigwe picha ya CT scan lakini kwanza adungwe dawa ya kufanya ndani kuonekane vizuri, na hiyo dawa inaweza kusumbua figo za mtu wa sukari, iko ya kawaida na iko nyingine pole kwa figo lakini bei yake, wacha tu. Hapo ndipo ukoo uliingia.

Tulifungua grupu ya WhatsApp ya mchango, shemeji yangu Vincent wa Kawangware akawa mwenyekiti, akasema, "Ndugu yangu hadungwi kitu ya bei ya chini kama mtu hana watu!" Mzee Shivachi, mjomba wao, akamjibu, "Nusu ya Kawangware wamedungwa hiyo ya kawaida na bado wanatafuna nyama," basi tangu hapo ni vita, wengine wametoka grupu, wengine wamefungua yao, na siku ya picha imepita. Daktari alikuwa ametaka kwanza damu ipimwe ionekane figo zikoje, lakini Vincent akakataa, eti watu walichanga ya picha, si ya damu, na kwetu bibi hasimami kubishana na shemeji mbele ya wazee. Shiundu mwenyewe anasema, "Mama Trizah, wanione ndani tu, si picha ya harusi," halafu anameza dawa za maumivu za dukani. Mimi namkaangia figo za mbuzi kila jioni ndio zake zipate nguvu. Nishike upande wa nani bila kuharibu undugu? Naogopa kubaki na hawa watoto peke yangu.

Mama Trizah, Kibera

WAITHIRA ANAJIBU:

Pole sana, mama. Sasa kaa chini nikugombeze kidogo. Usishike upande wa mtu yeyote! Ukoo mzima unapigania dawa na hakuna hata mmoja anayejua figo za Shiundu zikoje. Hicho kipimo mlichokataa ndicho kitaamua, na bei yake haifiki bando za simu ambazo Vincent amemaliza akibishana. Figo zikiwa sawa, ya kawaida inatosha, pesa iliyobaki mnunue dawa za sukari. Zikiwa zimechoka, daktari ndiye atasema kama ile ya bei inafaa, ama aongezwe maji kwa mshipa, ama aangaliwe kwa njia nyingine kabisa. Bei kubwa peke yake haijawahi kutibu mtu.

Figo za mbuzi kula wewe na watoto, haziendi kujiunga na zake. Na hizo dawa za maumivu mnyang'anye leo leo, kuna zile zinaumiza figo kuliko hata hiyo sindano. Za sukari usiziguse, ila daktari aambiwe kila kitu anachomeza.

Heshima kwa shemeji ni sawa, lakini maabara si baraza la wazee. Kesho asubuhi chukua pesa ya omena, mshike Shiundu mkono, muende apimwe. Mkifika mlangoni zima simu. Wakikuuliza baadaye ulikuwa wapi, waambie ulienda kuziuliza figo zenyewe.