Tumbaku kwa Mama

Kambini, Ngara
6 Machi 1995

Mwanangu Generoza,

Hujambo, na mkwe wangu Faustini hajambo? Huku tunapumua, ila mguu wa kushoto unanitesa. Nikienda kuteka maji nasimama mara tatu, na vidole ni baridi hata juani. Mganga wa zahanati anasema mafuta yameziba mishipa. Kwa miaka thelathini na minane, na mgao huu wa kambini, mafuta hayo nimeyala wapi? Haya, nimeyaacha. Nataka nipone nipewe kibali cha kutoka kambini, nije nikukande ukijifungua.

Mama yako

Biharamulo
2 Aprili 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, tumbo limekua, tunangojea Juni. Pole sana na mguu. Shika masharti, mafuta usionje kabisa. Mzazi haendewi mikono mitupu, kwa hiyo nimekufungia tumbaku ya kiko chako, ya shamba letu, nimeikausha mwenyewe. Ikuliwaze. Mama mkwe ni mwema, lakini nakutaka wewe.

Mwanao Generoza

Kambini, Ngara
11 Mei 1995

Mwanangu,

Marahaba. Tumbaku imefika. Jirani yangu Agripina nimempa kidogo, iliyobaki nimeificha, uchoyo umenishika. Mafuta nimeacha kabisa, lakini dole gumba la mguu limekuwa jeusi. Maumivu yakizidi nawasha kiko, na nikivuta naona kama umekaa hapa. Nitumie nyingine.

Mama yako

Biharamulo
28 Julai 1995

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Tumbaku nilituma, tena mara mbili. Nimejifungua mtoto wa kike. Kila mlango ulipogongwa nilidhani ni wewe.

Mwanao Generoza

Kambini, Ngara
19 Agosti 1995

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya uzazi. Mguu wamekata. Alikuja daktari mgeni, akaniuliza umri, akakiona kiko. Akasema, “Mama, si mafuta. Mishipa yenyewe imevimba kwa ndani. Ni ugonjwa wa nadra, na tumbaku ndiyo inayouchochea.” Nimeacha kuvuta. Sikutaka kukuambia, lakini nikinyamaza utatuma nyingine. Usijilaumu. Hukujua, sikujua, hata mganga hakujua. Mimi nilikuwa navuta hamu ya kukuona.

Kuja siwezi tena, njoo wewe. Wamekata chini ya goti, mapaja yote mawili ninayo. Mlete nimpakate.

Mama yako